Jinsi Msitu wa Lihoha Ulivyopandwa na Kukatwa

Ipo nchi moja ambayo jina lake nalifahamu vizuri, ila kibali cha kulitaja hadharani hutolewa siku za Jumanne, nami naandika haya siku ya Alhamisi. Msomaji aridhike kujua kwamba ni nchi yenye bendera, wimbo, na wizara nyingi kuliko mito. Tena ni nchi ya amani. Anayesema vinginevyo hupelekwa mahali tulivu ili akaione amani hiyo kwa karibu.

Katika nchi hiyo palikuwa na taasisi nne za utafiti. Moja ilichunguza mimea, nyingine ilitibu ardhi iliyochakaa, nyingine ilishughulika na kompyuta, na ya mwisho ilikopesha wakulima wa vijijini. Zilikaa pamoja miaka mingi bila kuudhiana, kwa kuwa hakuna iliyojua nyingine zinafanya nini. Kisha ikabainika katika kikao cha Baraza la Mawaziri kwamba taasisi zote nne zilikuwa zinatumia gari moja. Waziri mmoja akauliza kama haingefaa kununua magari mengine. Mwenzake, ambaye baadaye alipewa nishani, akajibu kwamba ni nafuu zaidi kuziunganisha taasisi. Ndivyo ilivyozaliwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti Tumizi wa Mimea, Uponyaji wa Ardhi, Kompyuta na Fedha za Vijijini. Jina hilo lilipoandikwa ubavuni mwa gari halikuenea. Lilizunguka nyuma na kuishia kwenye tairi la akiba.

Mkurugenzi Mkuu wa kwanza, na hadi leo wa mwisho, ni Profesa Anselimu Kidulile. Mimi na Profesa huyu tulilala bweni moja katika Shule ya Wavulana ya Luhanga Juu. Nalisema hilo bila kujigamba, ingawa sababu ya kujigamba ipo. Luhanga tulioga maji ya baridi kabla ya kengele, tulikula maharage pamoja na wadudu wake bila kuwabagua, na tulitoka pale tumenyooka. Wanaoongoza nchi ile wengi wao ni wa Luhanga. Hali ya nchi ile msomaji ataiona mwenyewe.

Miongoni mwa mambo tuliyofundishwa Luhanga, kubwa lilikuwa namna ya kumpokea mkaguzi. Shule ilikuwa juu ya mwamba, na bustani ilikuwa haioti kitu. Basi mkaguzi alipotarajiwa, tuliamshwa mapema, tukakata matawi mabichi porini, tukayachomeka katika udongo kwa mistari iliyonyooka, tukayamwagilia, na kuizungushia bustani mawe yaliyopakwa chokaa. Mkaguzi alifika, alisifu bustani, aliandika taarifa yake, akaondoka. Matawi yalinyauka baadaye, kwa utaratibu. Wako watu waliosoma shule za kutwa ambao huuita mwenendo huo udanganyifu. Sisi tuliuita heshima. Mgeni hapokelewi na uwanja mtupu.

*

Mwaka mmoja baada ya taasisi kuunganishwa, wafadhili wakaipa Taasisi kompyuta kubwa iliyoitwa Mshauri. Ilikaa katika chumba chenye ubaridi mkali, na watafiti wa mimea walikwenda humo mchana kula chakula chao. Kazi ya Mshauri ilikuwa kuamua ardhi ipi imepona na ipi ingali mgonjwa, na kwa uamuzi huohuo kuamua mkulima yupi akopeshwe nini. Aliyempa Profesa maelezo hayo ni Bwana Sifuni Chaula, mkuu wa kitengo cha kompyuta, mtu mpole aliyekuwa na tabia mbaya ya kueleza mambo yalivyo.

"Mshauri haendi kijijini, Profesa," alisema Bwana Chaula. "Anatazama picha zinazopigwa na setilaiti. Akiona kijani, anaandika ardhi imepona. Akiona wekundu, anaandika inaumwa."

"Na hiyo setilaiti inapita lini?"

"Juu ya Itundumbi itapita Jumatatu, saa nne asubuhi."

Profesa akasimama ghafla hata kiti kikaanguka. "Jumatatu! Na ninyi mmekaa tu? Mgeni anafika Jumatatu na kilima cha Lihoha kiko uchi!"

"Siyo mgeni, Profesa. Ni chombo."

"Bwana Chaula, wewe ulisoma shule ya kutwa?"

"Ndiyo, Profesa."

"Nilijua."

Lihoha ni kilima kirefu juu ya kijiji cha Itundumbi. Kimechimbwa na maji ya mvua mpaka kikawa na makorongo, na katikati ya makorongo hayo wanakijiji wana vipande vyao vya mashamba, kila nyumba kipande chake. Wakati huo mashamba yalikuwa wazi, yakingoja mvua. Taasisi ilikwisha kukifanyia kilima kile utafiti mwingi. Watafiti wa mimea walipendekeza nyasi. Watafiti wa ardhi walipendekeza matuta. Kitengo cha fedha kikapendekeza semina, na semina ndiyo iliyofanyika.

Basi Jumapili ile kijiji kizima kikatolewa kwenda kukata matawi. Matawi yalipatikana katika bonde la pili, kwenye msitu wa asili ambao, kwa bahati njema, haukuwa katika ratiba ya kupigwa picha. Ulikatwa mpaka vikabaki visiki, na matawi yake yakapandishwa Lihoha kwa gari la Taasisi na kwa vichwa vya akina mama. Yakachomekwa kilima kizima, kwa mistari. Sikuwahi kuona kazi nadhifu kiasi kile tangu nilipomaliza shule. Nilialikwa na Profesa kushuhudia, na nakiri kwamba niliponusa chokaa mbichi kwenye mawe, machozi yalinilengalenga.

Katikati ya kazi hiyo alikuja mwanamke mmoja, kitambaa kichwani, tope mpaka magotini. Huyo ndiye Mama Veredina Msigala, mjane, mwenye kipande cha shamba katikati kabisa ya kilima. Hana kingine.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mama yangu. Hongera kwa kazi ya kujenga taifa."

"Asante. Nauliza tu, matawi haya yatatoka lini? Mvua ikianguka nataka kuotesha ulezi."

"Kwanza mgeni apite."

"Na akishapita?"

"Tutangoja taarifa."

"Ulezi haungoji taarifa, Profesa. Ukipitwa na mvua ya kwanza umepitwa na mwaka. Na ghala langu sasa hivi ukiliita linakuitikia."

"Ndiyo maana ulezi haujaendelea," alisema Profesa kwa huruma. "Zao lisilo na subira haliwezi kuendelea."

Siku ya pili, saa nne, kwaya ya kijiji ilijipanga kuelekea juu. Profesa alivaa suti ya kijivu na tai ya Luhanga, akasoma hotuba akiwa ameinua uso mbinguni, mkono mmoja umeikinga miwani isianguke.

"Ndugu Setilaiti," alianza, "kwa niaba ya Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, na kwa niaba yangu binafsi, na kwa niaba ya mimea hii ambayo leo haikuweza kuongea..."

Hotuba ilikuwa ndefu. Bwana Chaula alimnong'oneza kwamba mgeni alikwisha kupita wakati wa salamu, lakini mtu wa Luhanga hakatizi hotuba kwa sababu tu msikilizaji ameondoka.

*

Mshauri alitazama picha, akaandika maneno mawili: Msitu mnene.

Taifa zima lilipokea habari hiyo kwa utulivu, yaani kwa siku ya mapumziko. Waziri alizungumza redioni. "Nchi nyingine," alisema, "hupanda mti na kusubiri mpaka mpandaji azeeke. Sisi tumekataa kuzeeka. Lihoha imelala jangwa, imeamka msitu." Wafadhili walituma ujumbe wa kupongeza. Chuo kimoja cha mbali kiliomba kuleta wanafunzi waje kujifunza, kikajibiwa kwamba msitu ni mnene mno, wanafunzi watapotea.

Kabla wiki haijaisha matawi yalikwisha kunyauka, na mbuzi wa Itundumbi wakafanya yaliyobaki. Jambo hilo halikuharibu kitu. Mshauri alikuwa amekwisha kuandika, na Profesa alitoa agizo kwamba asioneshwe tena picha ya Lihoha. Mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali, alisema, hafuatwi nyumbani na kipimajoto. Ni kumkosea adabu.

Mwezi huohuo Lihoha ikatangazwa kuwa Msitu wa Hifadhi ya Taifa. Waliletwa askari wa hifadhi, wenye bunduki na kofia za kijani, wakakaa juu ya kilima bila kivuli. Mkuu wao, Koplo Gwivaha, aliomba turubai la kujikinga na jua. Ombi lake lilirudishwa likiwa na swali: mtu aliye ndani ya msitu mnene anataka turubai la nini?

Mama Veredina hakuwa na habari kwamba shamba lake limepandishwa cheo. Alilijua hilo siku alipokwenda katika dirisha la Taasisi linalokopesha mbegu. Bwana Chaula ndiye aliyekuwa dirishani, kwa kuwa mkopeshaji mwenyewe alikuwa semina.

"Naomba mbegu za ulezi, mwanangu. Nitarudisha nikivuna, kama kila mwaka."

Bwana Chaula alibofya, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mama, Mshauri anasema huna shamba."

"Sina shamba? Nalima wapi basi?"

"Anasema una msitu. Mwenye msitu hakopeshwi ulezi. Ila amekukubalia mizinga ya nyuki, na ngazi."

"Ngazi ya nini?"

"Ya kupandia kuweka mizinga. Anasema miti yako ni mirefu sana."

Mama Veredina aliinama mpaka uso wake ukaingia dirishani. "Mwanangu, hebu niangalie. Wewe ulikuwepo siku ile. Ulichomeka matawi kwa mikono yako hii. Uliniambia hata kiuno kinakuuma."

"Nilikuwepo, mama."

"Kuna mti pale?"

Bwana Chaula alitazama kushoto, akatazama kulia. "Mama, mimi mbele ya Mshauri ni karani tu. Chukua ngazi. Ngazi ina kazi nyingi."

Alirudi Itundumbi na ngazi kichwani. Majirani walimtania njia nzima. "Unakwenda kuchuma nini, Mama Vere? Mawingu?" Akawajibu kwamba wangoje, hata wao wana misitu, ila hawajaambiwa. Nao walipokwenda dirishani siku ya pili yake walirudi wamebeba ngazi, kila mmoja ya kwake, na hakuna aliyecheka tena.

*

Ni haki kusema kwamba Profesa hakupuuza malalamiko. Mama Veredina alipomfuata ofisini, akakaa juu ya ngazi yake barazani mpaka akapokelewa, Profesa aliunda ujumbe wa wataalamu kwenda kuukagua msitu, nami nikaalikwa kama mtu mwadilifu asiye na upande.

Tulipofika chini ya kilima, Profesa alikunjua ramani iliyotolewa na Mshauri. Ilionesha miti yote, mmoja mmoja, na kijia chembamba kinachopenya katikati yake. Tukapanga mstari. Tukaanza kupanda, tukipinda kushoto palipo na miti, tukipinda kulia, tukirudi nyuma kidogo pale ambapo kijia kilizibwa. Mtaalamu wa mimea, mtu mrefu, alitembea ameinama kwa sababu ya matawi ya chini. Jua lilikuwa kali ajabu kwa msitu. Nami niliinama mara moja au mbili. Sikutaka kuonekana mjuaji.

Mama Veredina alitupita akipanda moja kwa moja.

"Mama!" alipiga kelele mtaalamu wa mimea. "Unapita ndani ya mti!"

"Nimeuomba unipishe, umekataa," alijibu bila kugeuka.

Alitungoja kwenye kipande chake. Tulipomfikia tulikuwa tunahema. Alichukua donge la udongo, akalisagasaga kiganjani, akamnyooshea Profesa.

"Profesa, baba yangu. Sina elimu ya kubishana na wewe. Nioneshe mti mmoja tu hapa, nitarudi nyumbani na sitakusumbua tena mpaka nizikwe."

Profesa alitazama ramani. Alitazama kilima. Kwa muda mfupi niliogopa kwamba atasema jambo lisilo la Luhanga. Lakini malezi hayamwachi mtu.

"Mama," alisema, "utafiti si kuona. Kuona hata mbuzi anaona. Utafiti ni kuthibitisha, na Lihoha imethibitishwa. Nikisema leo hapa hapana mti, je, Waziri alisema nini redioni? Mlezi wa Taifa alimpongeza nani? Na siku ya mapumziko ambayo taifa lilipumzika, tuirudishe vipi?"

"Mimi sitaki kurudishiwa mapumziko. Nataka kulima."

"Ndani ya hifadhi, kulima ni kosa."

"Na wanangu wale nini?"

"Asali," alisema mtaalamu wa mimea kutoka nyuma, akiwa bado ameinama.

Mama Veredina aliuachia udongo ukaanguka. Aliwatazama wote, akamtazama Koplo Gwivaha aliyekuwa ameketi kwenye jua na kofia yake ya kijani, kisha akatazama magharibi, kulikokuwa na wingu jeusi lililojaa. Tulishuka kwa kijia kilekile, kwa uangalifu, na aliyejaribu kukatisha njia alikemewa.

*

Mvua ya kwanza ilianguka ikapiga hadi alfajiri. Kulipopambazuka Mama Veredina alikuwa juu ya Lihoha na jembe, anakwatua, udongo ukimrukia mpaka usoni. Koplo Gwivaha alimwacha alime mstari wa kwanza. Alieleza baadaye kwamba alidhani anaota, kwa kuwa tangu aletwe pale hakuwahi kumwona mhalifu. Kisha akakumbuka kazi yake, akamkamata.

Kesi ilisikilizwa mbele ya Hakimu Edina Mwalyego, mwanamke mkali na mwenye haki, aliyekuwa na mafua. Mimi niliketi kushoto kwake kama mzee wa baraza, wadhifa ninaopewa kila anapotakiwa mtu asiyesinzia. Ukumbi ulijaa watu wa Itundumbi. Wengi walikuja na majembe, maana ardhi ilikuwa imelowa na kila mmoja alitaka kujua kama ataruhusiwa kulima au atakula ngazi.

Mwendesha mashtaka alisimama. "Mheshimiwa, upande wa Jamhuri una ushahidi wa namna mbili. Kwanza, taarifa ya Mshauri inayothibitisha kwamba Lihoha palikuwa na msitu mnene. Pili, ushahidi wa macho, kwamba leo Lihoha hapana hata mti. Mahakama yako itaona kwamba kati ya hali hizi mbili kuna mtu amekata. Na mtu pekee aliyekutwa eneo la tukio, akiwa na chombo chenye makali, ni huyu mama."

Watu waliguna. Hakimu aligonga meza, akapiga chafya.

"Mshtakiwa, umesikia. Unashtakiwa kwa kuukata Msitu wa Hifadhi wa Lihoha. Unasemaje?"

"Mheshimiwa, naruhusiwa kuuliza kwanza?"

"Uliza."

"Nikisema sikukata?"

Hakimu alimtazama mwendesha mashtaka, naye akaeleza kwa upole. Kama mshtakiwa hakukata, basi msitu upo. Kama msitu upo, mshtakiwa amekutwa akilima hifadhini. Hilo ni kosa, na kipande chake kitafungwa moja kwa moja.

"Na nikisema hapakuwa na msitu tangu mwanzo?"

Profesa, aliyeketi mbele na tai yake, akakaza shingo.

"Hapo," alisema mwendesha mashtaka, "tutabadilisha shtaka. Hilo litakuwa ni kosa la Kukanusha Maendeleo. Haliadhibiwi hapa. Utapelekwa mjini, mahali tulivu."

Mama Veredina alifikiri. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona tope lililokauka kwenye kucha zake. Nje ya dirisha mvua ilianza tena, nyembamba, na watu wote ukumbini waligeuza vichwa kuitazama, kisha wakamgeukia yeye.

"Mheshimiwa, na huyu aliyekata msitu, adhabu yake ni ipi?"

Hakimu alifungua Sheria ya Misitu Iliyothibitishwa. Niseme kwa fahari kwamba kifungu kile kiliandikwa na Profesa Kidulile mwenyewe, kwa kufuata kanuni ya Luhanga kwamba aliyekanyaga bustani huilima. Hakimu alisoma kwa sauti ya mafua:

"Mkosaji atarejeshwa penye kosa lake. Atalima eneo lote alilolikata, kwa jembe la mkono, chini ya ulinzi wa askari. Atalifunika kwa mimea. Ataipalilia mimea hiyo mpaka ikomae. Mbegu zitatolewa na Taasisi bila malipo, ili mkosaji asipate kisingizio."

"Mimea gani, Mheshimiwa?"

Hakimu aligeukia Taasisi. Mtaalamu wa mimea alisimama, akasema kwamba utafiti juu ya mmea unaoifaa Lihoha unaendelea vizuri na matokeo ya awali yatatolewa mkurugenzi wa sasa atakapostaafu.

"Basi mkosaji atachagua," alisema Hakimu.

"Nimekata," alisema Mama Veredina.

"Subiri. Unakiri kwa hiari yako? Hujatishwa?"

"Sijatishwa. Nimekata mwenyewe."

"Miti mingapi?"

"Yote."

"Yote? Msitu mnene? Kwa jembe?"

"Nilikuwa na hasira, Mheshimiwa."

"Na magogo yako wapi?"

"Nilikula." Kisha, ukumbi ulipoanza kucheka, akasahihisha, "Nilipikia."

Mwendesha mashtaka alisema ameridhika. Mimi na mzee mwenzangu tuliulizwa maoni yetu. Mwenzangu aliamshwa. Nami nilisema, kwa maneno mafupi, kwamba kosa ni zito, kwamba mkosaji hakuonesha majuto yoyote, na kwamba sheria ichukue mkondo wake wote bila huruma. Mama Veredina alinitazama, akaniinamia kichwa. Hakimu akamhukumu adhabu kamili, kwa mwaka mmoja.

"Una la kusema?"

"Ninalo. Mwaka mmoja hautoshi, Mheshimiwa. Ule msitu ulikuwa mkubwa. Niongezee."

Akaongezewa. Mchana huohuo alipandishwa Lihoha chini ya ulinzi, na mfuko wa mbegu za ulezi juu ya kichwa cha Koplo Gwivaha, kwa kuwa sheria haimruhusu mkosaji kubeba mali ya serikali. Walioshuhudia wanasema alianza kulima kabla hajasomewa masharti, na Koplo, aliyechoka kukaa juani bila kazi, aliomba naye jembe.

*

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya niiheshimu nchi ile. Asubuhi ya pili, kabla mahakama haijafunguliwa, tulikuta foleni ya watu kutoka mlangoni hadi barabarani. Ilikuwa Itundumbi nzima, na kila mtu na jembe lake. Sijapata kuona raia wakikimbilia sheria namna ile.

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kijiji. "Mheshimiwa, dhamiri inanisumbua," alisema. "Mama Veredina hakukata peke yake. Ule upande wa mashariki, penye kipande changu, ni mimi."

"Na mimi wa makorongoni," alisema mwingine.

"Mimi nilishika, mume wangu akakata," alisema wa tatu. "Tuhukumiwe pamoja, shamba ni moja."

Profesa alikuja mbio. Alitaka kusema kitu, lakini kila alichotaka kukisema kilihitaji ama msitu uwepo ama usiwepo, na vyote viwili sasa vilikuwa hatari kwa kazi yake. Aliketi. Hakimu alihukumu bila kupumzika, na waliohukumiwa walishukuru na kutoka mbio kabla jua halijakausha udongo. Hadi saa sita Itundumbi nzima ilikuwa juu ya kilima inatumikia adhabu.

Akabaki mmoja, Mzee Nyenyembe, mwenye kipande cha mwisho nyuma ya kilima, upande wa kanisa.

"Mheshimiwa, nami nimekata msitu. Nihukumu haraka, mvua inaondoka."

Koplo mwingine aliyekuwa zamu alisogea, akanong'ona sikioni mwa Hakimu. Hakimu akakunja uso.

"Mzee, unaidanganya mahakama. Askari anasema katika kipande chako kuna mti. Mparachichi, mkubwa, umesimama, una matunda."

"Ni mmoja tu, Mheshimiwa. Aliupanda marehemu baba."

"Mmoja ni msitu uliosalia. Aliyekata hawezi kuwa na mti. Huna hatia, mzee. Nenda nyumbani, na usiingie hifadhini."

Mzee Nyenyembe alisimama pale, jembe mkononi, akitazama kilima kilivyojaa wenzake walioinama na kuinuka katika mashamba yao. Katika kilima kizima cha Lihoha, mti ulikuwa kwake peke yake, na ndiye peke yake aliyekuwa hana mahali pa kulima.

"Mheshimiwa," alisema mwishowe, "nikirudi baadaye kidogo, nitakukuta?"

"Unakwenda wapi?"

"Kuazima shoka."

Hakimu alitazama saa. Alinitazama mimi, nami nikamhakikishia kwamba sheria haina kizuizi. Akafunga jalada, akapangusa pua, na mahakama ikaahirishwa kwa muda ili kumpa mshtakiwa nafasi ya kutenda kosa.